Kitabu cha Kupapasa

Dada yangu ni fundi wa kuchapa fulana. Mtaani wanamwita Mama Wino, na siku ya harusi yake vidole vilikuwa vyeusi vilevile, sabuni ilishindwa. Fulana za misiba, za timu za mpira, za wagombea, zote zimepita mikononi mwake, na wakati wa kampeni huvichapia vyama vyote bila kinyongo. Akiulizwa yuko upande gani, husema, "Siasa yangu ni rangi ikauke."

Vitabu ni wazimu wake wa pembeni. Huvitengenezea kwenye chumba cha uani kinachonuka tina ya kuoshea wino, chenye fremu za mbao zilizovalishwa wavu mwembamba. Picha hugandishwa kwenye wavu kwa dawa na mwanga. Penye picha wino hupenya, pasipo na picha hauendi popote. Anamimina wino, anaukokota kwa ubao wenye ulimi wa mpira, ananyanyua fremu, karatasi imeshachapwa. Mimi ndiye ninayevishona, maana kwa sindano simwogopi mtu, na hilo hata yeye hulikubali akiwa amenikasirikia.

Vyote ni habari za ukoloni. Kimoja kilikuwa ramani tu: kila ukurasa umeongezwa mpaka mwingine uliopigwa kwa rula juu ya mito na makaburi ya watu, hadi mwishoni nchi yenyewe huioni kwa mistari. Mjomba alikipekua mbele nyuma, akakirudisha mezani.

"Kitabu kizito namna hii, halafu hamna hata neno moja? Mwanangu, huu ni utapeli."

Tulicheka, na dada akacheka kuliko sisi. Ila kilichomwingiza kwenye kazi hiyo hakikuwa cha kuchekesha hata kidogo.

Mama yetu hamjui baba yake. Alikuwa bado ananyonya walipokuja watu wa serikali ya mkoloni kukusanya wanaume wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Wazungu. Babu akachukuliwa, na ikawa ndiyo basi. Hakuna kaburi, hakuna hata salamu. Bibi alimwachia mama kitu kimoja tu cha kumtambulia: kovu lililokata nyusi ya kushoto, pale alipopigwa pembe na ng'ombe utotoni. Mama amezeeka na kovu hilo akilini. Tulipokuwa wadogo, akikutana na mzee yeyote mgeni alianza kumtazama nyusi, nami nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa macho yake yamezima yote mawili. Na picha, kwa ukaidi wake, ikaja baada ya hapo.

Mtafiti mmoja aliyependa vitabu vya dada aliikuta ng'ambo, kwenye makabati ya kampuni iliyomiliki shamba walikopelekwa wanaume wa kwetu. Ni wanaume zaidi ya thelathini, wamepangwa safu tatu, mwaka uleule aliochukuliwa babu. Kila mmoja amening'inizwa kibao cha namba shingoni. Majina hayakuandikwa popote.

"Babu yumo humu," dada aliniambia, akinisogezea picha. "Lazima mama amwone."

"Amwone kwa macho gani, dada?"

"Kwa vidole."

Wachapa fulana wana wino ambao ukiupasha moto hufura, ukabaki umetuna juu ya kitambaa. Watoto huupenda, hawaachi kuuchezea. Dada aliamua kumpa kila mtu wa pichani ukurasa wake, kichwa na kifua, kwa wino huo, ili mama apande na kidole hadi kwenye nyusi alikute kovu. Tulikuwa tumeikagua picha kwa kioo cha kukuzia na kovu hatukuliona. "Litatokea kwenye kuchapa," akasema. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuchapa hakuongezi kitu kisichokuwepo, lakini safari hii aliyekuwa akiongea hakuwa fundi, alikuwa mtoto wa mama yake.

Basi akahangaika. Picha ikikuzwa hivyo huvunjwa ikawa vitone, na wino ule ukifura hula vitone vidogo. Akabadilisha wavu, akapunguza wino, akapiga pasi kwa nyuma ya karatasi badala ya mbele. Alijifunga kitambaa machoni akapapasa majaribio yake mwenyewe, akayachana, akaanza upya. Wateja wa fulana wakanuna, wengine wakahama. Sijamwona akifanya kazi yoyote kwa upendo ule, na kusema kweli niliogopa.

Asubuhi tuliyompelekea mama kitabu, alikuwa ameketi uani juani. Alinawa mikono, akanusa viganja, akanawa tena. Akaagiza nguo yake nzuri.

"Nakwenda kuonana na baba yangu. Asije akaniona nimechakaa, akadhani nililelewa vibaya."

Dada akamwekea kitabu mapajani, akafungua ukurasa wa kwanza. Kidole cha mama kilipanda polepole, kikazunguka, kikashuka.

"Huyu ana changarawe usoni. Geuza."

Tukageuza. Changarawe. Tukageuza tena. Kila uso ulikuwa vinundu vilevile, hakuna pua, hakuna nyusi, sembuse kovu. Ndipo kidole cha mama kikateleza chini, kifuani kwa yule mtu, kikasimama.

"Mbona hapa pamekaa vizuri? Hii ni mbili. Hii saba."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mpiga picha alikuwa amelenga vibao. Nyuso aliziacha zikae zitakavyokaa, hazikuwa kazi yake. Mama, aliyejifunza namba ukubwani kwenye darasa la watu wazima, alizisoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa, na mwanzoni alikuwa na furaha ya mtu anayejua jibu. Kisha akaondoa kidole ukurasani.

"Sasa baba yangu ni namba ngapi?"

Dada akageuza ukurasa mwingine.

"We fundi, si nakuuliza?"

"Sijui, mama."

"Na hao waliompiga picha?"

"Nao hawajui tena, mama."

Mama alifunga kitabu, akakaa nacho. Nilimchukia kila mtu aliyesimama nyuma ya kamera ile, na watoto wao, na kabati lao.

"Mimi nimechoka," akasema. "Nichagulieni mmoja, nimlilie."

"Mama, haiwezekani..."

"Nimesema nichagulieni."

Dada akakifungua. Alipita mmoja, akapita mwingine, akarudi, akasimama kwa mtu mmoja mwembamba wa safu ya nyuma. Sijui kwa nini huyo. Akaushika mkono wa mama, akauweka.

"Huyu hapa, mama."

"Kovu lipo?"

"Lipo. Wino umelifunika."

Mama akapiga yowe. Alimwita baba yake kama mtu aliyeletewa maiti mlangoni, na majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa. Wakaketi nasi, wakalia nasi. Hatukuwaeleza kitu.

Jioni nilimkuta dada chumba cha uani, ameketi mbele ya fremu tupu, mikono mapajani.

"Amelala?"

"Amelala nacho kifuani. Umempumzisha, dada. Angalau sasa ana wa kumlilia."

Akatikisa kichwa.

"Mtu yule ana watoto wake mahali. Wanamtafuta mpaka leo, kama sisi. Na mimi nimewachukulia baba yao."