Uzio Uliohesabiwa kwa Nje

Ofisini wanamwita Mama Ramani, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kampuni ile haijafukia waya ardhini bila yeye kuuchora kwanza. Ni mwanamke wa maneno machache, miwani shingoni, penseli kwenye nywele, na akishaweka sahihi chini ya mchoro hata bosi habishi. Ndiyo maana mambo ya ile zabuni ya jeshi yalimuuma mara mbili.

Kazi ilikuwa kuunganisha ulinzi wa kambi nzima: uzio, lango, kamera na ving'ora, vyote vizungumze na kompyuta moja. Uzio uligawanywa vipande kumi na vitatu, kila kimoja na kamera yake na waya unaohisi mtikisiko. Mtu akigusa kipande cha pili, picha ya kamera ya pili itokee kwenye kioo cha chumba cha ulinzi. Rahisi kama kumsukuma mlevi, au ndivyo walivyodhani.

Siku ya jaribio la kwanza koplo alitikisa kipande cha pili, kioo kikaonyesha nyasi tupu. Mafundi wakabadilisha nyaya. Jaribio la pili, nyasi zilezile. Wakabadilisha kamera, wakalaumu kompyuta, wakalaumiana wenyewe. Kilichowatia wazimu ni kipande cha saba, kule nyuma kabisa ya kambi, maana hicho kilitii kila mara kama mtoto wa mwalimu. Na mkataba haukuuma maneno: majaribio ni matatu. La tatu likishindikana, mkataba unavunjwa na kampuni haigusi tena kazi ya serikali. Watu tisa wangerudi nyumbani, naye akiwemo.

Asubuhi ya jaribio la tatu alikuwa uani, anakunja shuka na mumewe, mstaafu wa posta anayejua kila kitu.

"Lete pembe ya kulia," mumewe alisema.

Akaleta.

"Siyo hiyo, mama watoto. Ya kulia!"

"Hii ndiyo ya kulia."

"Kulia kwako. Mimi si nimekuelekea, au hunioni?"

Alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akaliachia shuka, akachukua mkoba, akatoka mbio na kandambili zake.

Wakati wa kupima uzio, kibali cha kuingia kambini kilikuwa hakijatoka. Yeye, asiyejua kukaa bure, alizunguka kambi kwa nje: akalielekea lango, akaanza kuhesabu kutoka kulia kwake. Wanajeshi huhesabu wakiwa ndani, wakilielekea lango hilohilo, nao pia kutoka kulia kwao. Nyaya zilifuata hesabu yake; kamera, zilizopewa namba na wanajeshi, zikafuata yao. Cha pili kwake kilikuwa cha kumi na mbili kwao. Ni cha saba tu, cha katikati, kilichokuwa cha saba kwa wote. Hapakuwa na waya mbovu hata mmoja. Kosa lilikuwa lake, na sahihi yake ilikuwa chini ya mchoro.

Bosi alimsikiliza kwenye lango la kambi huku jasho likimtoka.

"Nyamaza kabisa," alinong'ona. "Tunabadilisha namba kwenye kompyuta kimyakimya. Nani atajua?"

"Siku ya jaribio hakuna kugusa kompyuta bila ruhusa ya Meja. Wakitukamata itakuwa udanganyifu, si kosa tena. Mficha uchi hazai, bosi."

Akaenda mwenyewe, bosi akimfuata nyuma. Meja, msimamizi wa majaribio yote, alikuwa mtu mwembamba ambaye hakuwa ametabasamu tangu jaribio la kwanza. Mama Ramani akaeleza yote bila kuyapaka rangi. Meja akautazama mchoro, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Kwa nini hukuingia ndani kupima?"

"Kibali kilikuwa hakijatoka, afande."

"Kilikuwa wapi?"

Mama Ramani akatazama kandambili zake. Alikuwa anajua, na kudanganya hakujawahi kumkaa vizuri.

"Mezani kwako, afande. Wiki sita."

Bosi akafumba macho. Meja akakohoa, akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Badilisheni hizo namba. Nawapa saa moja."

Dakika ishirini zilitosha. Koplo akatikisa kipande cha pili, na huyo hapo kwenye kioo, anajikuna kidevu. Cha tatu, huyo. Cha nne, huyo. Kufika cha kumi na tatu koplo alishaanza kupunga mkono. Mama Ramani akaketi kwenye kiti cha askari wa zamu bila kuomba, akashusha pumzi aliyoibeba miezi minne, wala hakuna aliyethubutu kumwinua.

Meja akasaini hati ya kupokea kazi, akaisukuma ng'ambo ya meza.

"Weka sahihi upande wa kulia." Kalamu haijagusa karatasi, akainua kidole. "Kulia kwako wewe."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Mama Ramani akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Alipofika nyumbani mumewe alikuwa palepale uani, shuka magotini, amenuna kwa makusudi.

"Nilidhani umenikimbia."

"Wamepokea kazi, baba watoto. Wamepokea."

Mzee alimtazama kidogo. Akainuka, akashika pembe zake mbili.

"Basi lete ya kulia."

Akamletea zote mbili, na shuka likiwa katikati yao akamkumbatia.