Nilivyokuwa watafiti watatu Stockholm, miaka ya themanini

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Jambo hili lilinipata mwenyewe. Chumvi sijaongeza, wife kakaa hapa pembeni ananisimamia.

Miaka ya themanini tulikuwa tunaishi Rågsved, Stockholm. Mimi mtafiti wa mkataba chuoni, mke wangu Stella yuko jikoni hospitalini. Nilishaandika kuhusu udongo, nikahamia lishe ya watoto, nikaangukia historia ya visima vya kwetu Dodoma. Mtu wa kurukaruka, najua.

Ikatangazwa nafasi ya kudumu. Mkataba wangu ulikuwa ukingoni, nikiikosa hiyo tunafunga mizigo. Nikaomba.

Ripoti ya profesa aliyetupima waombaji ikaja. Kuhusu mimi inasema: huyu bwana ameandika kidogo, walionukuu kazi zake ni wawili tu, na nyingi alizoorodhesha ni za watu wengine.

Yaani mwizi wa article! Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Stella akaisoma mara mbili. "Baba Neema, hawa wamehesabuje?"

Jumamosi tukaenda maktaba. Zama zile hakuna cha kubofya. Kulikuwa na mavitabu mazito yanayoonyesha nani kamnukuu nani, herufi ndogo kama ulezi, unafuata mstari kwa rula. Na unatafuta kwa jina la mwisho.

Chilewa E, yaani mimi: wawili. Profesa hakudanganya.

Nikafunga kitabu. Stella akasema, "Haya, sasa mtafute Ndahani."

Hapo nikajishtukia.

Kwetu mtu ana jina lake na la baba yake. Mimi ni Elia Ndahani, na article za udongo nilisaini hivyo. Wakati wa pasipoti afisa akataka jina la familia, nikampa la babu, Chilewa. Za lishe zikatoka kwa hilo, maombi ya kazi pia. Visima nikaweka jina la ukoo, sifa za ujana tu.

Ndahani E alijaza nusu ukurasa! Watu wa udongo India na Brazil wote wanamtaja. Yule wa ukoo naye alikuwa na wake. Kichekesho, tulipofungua makala ya daktari mmoja tukakuta anamshauri Chilewa akajifunze kwa Ndahani. Stella alicheka mpaka mkutubi akaja.

Jumatatu nikampelekea profesa cheti cha ubatizo, chenye jina la baba na la ukoo, na pasipoti. Akaviangalia weee.

"Kwa nini hukusema?"

"Sikujua kama ni tatizo. Kwetu wote wananijua."

Akaniomba radhi, akaandika ripoti upya. Kazi nikapata. Furaha ya siku ile sina namna ya kuieleza.

Wakanitaka nichague jina moja. Nikachagua la baba, nikamtumia mzee fotokopi ya ule ukurasa.

Somo kwa vijana mnaoandika: amueni jina mapema, na mtu akisema hamjafanya kitu, muulizeni amehesabuje.

Mzee hakusoma shule. Mwalimu jirani ndiye alimsomea, akamwandikia na majibu: "Mwanangu, jina langu nimelionyesha kijiji kizima. Lakini lako wamelifanya herufi moja. Waambie waliandike lote, nilikupa mimi."

Nimestaafu sasa, na bado nabishana na wahariri waandike Elia, sio E.

Wenye majina mengi, leteni yenu. Nasoma comments zote.