Bega Lililolowa

Jumamosi, tarehe 16 Machi. Mawingu mepesi, upepo hafifu, jua la kuanika nguo. Wiki ya tatu tangu kimbunga kipite.

Fundi cherehani alifunga mlango na madirisha ya chumba cha mama mkwe wake, akatazama juu. Mabati yalikuwa yale yale ya zamani, yaliyookotwa mitaroni na kupigiliwa upya na shemeji yake. Shemeji alifanya haraka, hakujali matundu ya misumari ya kwanza yameangukia wapi. Sasa mwanga ulipenya kila mahali, utadhani nyota zimetoka mchana.

Fundi akafunga uti wa mwavuli kwenye ufito, akawa anauchomeka tundu kwa tundu. Shemeji, aliyekuwa juu ya paa, kila alipouona alibandika kipande cha turubai kilichochovywa kwenye lami.

"Huu hapa, shemeji. Umeuona?"

"Umenichoma goti."

"Goti halivuji. Endelea."

Utani ulikuwepo, lakini neno la shemeji lilikuwa moja tangu alipofika kutoka mjini: paa likivuja, kesho anaondoka na mama. Alikuwa amempangia chumba ghorofa ya tatu. Fundi alikijua chumba hicho. Mama angeshinda humo peke yake, mlango umefungwa, hadi mwanawe atoke kazini. Naye fundi angebaki na nyumba tupu. Tangu mumewe afariki, yeye na bibi huyu walikuwa wakila sufuria moja.

Mama mwenyewe alikaa kizingitini, akinyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo juu ya jiwe.

"Mnanipangia safari kama mbuzi wa mnada," alisema. "Mbuzi angalau huulizwa umri."

Jioni mvua ikanyesha. Wote watatu waliketi kitandani kwa mama, macho juu. Paa likanguruma, likashika. Shemeji akaenda kukagua chumba cha pili, akarudi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Fundi ndipo alipomwona mama mkwe amesogea kidogo kando, ameketi wima kama anayepigwa picha. Tone lilimdondokea begani. Likafuata jingine. Fundi akatazama sakafu.

"Mama," shemeji akasema, "bega lako limelowa."

"Jasho."

"La bega moja?"

"Ndilo lililopiga nyundo kutwa nzima."

Shemeji alitazama bati, akamtazama mama yake, kisha fundi aliyeinamisha uso. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Haya, nimeshindwa. Kaa na jasho lako."

Asubuhi iliyofuata, fundi alimsindikiza shemeji hadi barabarani, akarudi nyumbani. Alisubiri umande ukauke, akapanda ngazi mwenyewe kuziba tundu lililobaki, huku mama mkwe akiishikilia ngazi na kumkemea asitazame chini.