Mama Mboji Ahamisha Wasusi

Mama Mboji alikuwa na wifi mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha. Wifi alikuwa na nyumba nzuri yenye chumba cha wageni, na kila mgeni akiondoka alihesabu vijiko. Huko ndiko Mama Mboji angehamia kama ukumbi ungefungwa. Kila alipokumbuka vile vijiko alichukua sepetu akaenda kugeuza lundo la mboji.

Ukumbi ulikuwa wa manispaa, na yeye alikuwa mtunzaji wake mwaka wa kumi na moja sasa. Alifagia, alifungua, alifunga, na alilala chumba cha nyuma ambacho zamani walitunzia viti vibovu. Nyuma ya chumba hicho, mahali ambapo wengine waliona jalala, yeye alikuwa na malundo manne ya mboji na matuta ya mboga yaliyopinda kama yamechimbwa na mlevi. Aliyapinda makusudi. Aliwahi kuhudhuria mafunzo ya siku tano ya kilimo kinachoiga msitu, akarudi na daftari, kofia, na tabia ya kunusa udongo mbele za watu. Jina la Mama Mboji alilipata wiki hiyo hiyo.

Ukumbini kulikuwa na vikundi vitatu. Karibu na mlango walikaa mafundi cherehani, wanawake wanane na mashine nane, chini ya Mama Ovaloki, ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Katikati, penye madirisha makubwa, walikaa wastaafu, wakicheza drafti na kuandika barua za malalamiko. Kiongozi wao aliwahi kuwa mwalimu mkuu, na inaelekea hakuna aliyemwambia kwamba ameshaacha. Mwisho kabisa, kwenye kona ya giza, viziwi kumi na wawili walisuka vikapu. Hawakumsumbua mtu, kwa hiyo hakuna mtu aliyewafikiria.

Mwalimu Mkuu alilalamikia mashine. Mama Ovaloki alisema anayetaka kimya aende makaburini, nafasi zipo. Mwalimu Mkuu akaandika barua kuhusu makaburi. Mambo yakaendelea hivyo miaka mitatu, mpaka siku moja Afisa Maendeleo akaja na faili kwapani.

"Mama, barua za ukumbi huu zina kabati lake ofisini," alisema. "Watu mnao, umoja hamna. Nitarudi baada ya miezi mitatu. Nikikuta kamati moja, mwenyekiti mmoja na mkutano mmoja, mtabaki. Nisipokuta, tunaweka bohari ya mabomba."

"Na mimi?"

"Bohari ina mlinzi wake, mama."

Usiku huo Mama Mboji alifungua daftari la mafunzo akakuta maneno: changanya mimea. Basi kesho yake akachanganya watu. Kila benchi akaweka fundi mmoja, mstaafu mmoja na msusi mmoja au wawili, akasema mkutano wa umoja umeanza. Mwalimu Mkuu alihutubia dakika arobaini na tano. Mama Ovaloki alimjibu bila kungoja amalize. Wasusi walitazama midomo ikipanda na kushuka, na hakuna aliyewaambia hata neno moja la kilichosemwa. Mwishowe walisimama wote kwa pamoja wakaenda kusuka. Akili ni nywele, lakini siku ile hata za Mama Mboji zilikuwa hazionekani.

Aibu ikamrudisha kwenye daftari. Kumbe ukurasa wa kwanza, ule aliouruka kwa sababu ulikuwa na doa la chai, ulisema: tazama kwanza, gusa baadaye. Na mwalimu wa mafunzo alikuwa amesisitiza kwamba mmea usipostawi, kabla hujaulaumu, angalia umeupanda wapi. Mama Mboji alijitukana kidogo, tusi la kawaida la watu wazima, kisha akageuza ndoo mlangoni akaikalia wiki mbili akitazama.

Aliona kwamba jua la madirishani linawachoma wastaafu, nao husogeza drafti kila nusu saa. Aliona kwamba wasusi wanaongea kwa mikono, na kwenye ile kona ya giza hulazimika kukaribiana pua kwa pua ili waonane vidole. Aliona pia kwamba katika ukumbi mzima kulikuwa na watu kumi na wawili tu ambao mashine za Mama Ovaloki hazikuwahi kuwakera.

Akamwendea Mwalimu Mkuu. "Baba, kona ya nyuma ina kivuli. Na kati yako na Mama Ovaloki nitaweka watu kumi na wawili wasiosema."

"Tunahama leo," alisema Mwalimu Mkuu, akaanza kukusanya kete.

Kwa Fundi Vikapu, kiongozi wa wasusi, alipeleka kalamu na karatasi yenye ombi la kuhamia madirishani. Fundi Vikapu alisoma, akaandika chini yake: *Na sisi tunapata nini?* Ni swali la haki, na lilikuwa limechelewa miaka mitatu. Mama Mboji akaandika: *Mwanga.*

Basi wasusi wakakaa katikati, mikono yao ikaonekana na ukumbi mzima. Mafundi cherehani, ambao kutwa walipigiana kelele juu ya mashine mpaka koo zikakauka, waliona wenzao wakisengenya kwa raha bila kupandisha pumzi. Wiki ya tatu Mama Ovaloki alikuwa anajua ishara sitini, na hamsini kati ya hizo hazifai kuelezwa hapa. Vitambaa vilivyobaki vikawa mikono ya vikapu. Vumbi la ukindu likaenda kwenye lundo la Mama Mboji. Ukumbi ukatulia.

Ndipo Mwalimu Mkuu akaanza kuugua. Wanawake wanane na wasusi kumi na wawili walikuwa wanacheka, mara nyingine wakimtazama, na yeye hakusikia neno. Alivumilia siku nne. Ya tano alibeba kiti chake, akakiweka mbele ya Fundi Vikapu, akakunja mikono kama mwanafunzi. Wastaafu wenzake wakafuata, kila mmoja akisema anamsindikiza tu.

Viziwi wana desturi yao: mtu akishakuwa wao, wanampa jina la mkono. Mama Ovaloki alipewa la kukata uzi kwa meno. Mwalimu Mkuu alipewa la kugonga saa na kupiga mwayo. Alinuna siku mbili, ya tatu akaanza kujitambulisha nalo kwa wageni. Mwezi wa pili ukiisha, kila mtu ukumbini alikuwa na jina la mkono isipokuwa Mama Mboji.

Ilimuuma. Tusizungushe maneno, ilimuuma sana. Lakini aliona aibu kuuliza, mtu mzima kuomba jina, kwa hiyo alifagia tu.

Afisa alikuja siku aliyoahidi. Alisimama mlangoni, akasikiliza. Kimya. Akafungua faili akaanza kuandika *hakuna mkutano*.

"Ngoja kidogo, baba," alisema Mama Mboji. "Wako kwenye ajenda ya tatu."

Afisa akachungulia. Mikono thelathini na kitu ilikuwa hewani. Mbele alisimama Mwalimu Mkuu, jasho likimtoka, akitafuta ishara kwa taabu. Kwa kuwa alijua ishara mia moja tu, hotuba yake ilichukua dakika nne, na kwa mara ya kwanza maishani mwake watu walitamani aendelee.

"Kamati wanayo?" aliuliza Afisa.

"Wanayo."

"Mwenyekiti nani?"

Mafundi cherehani wasingemkubali Mwalimu Mkuu, wastaafu wasingemkubali Mama Ovaloki, na suala hilo kila mtu alikuwa analikwepa. Mama Mboji aliviona vijiko vya wifi vikimsubiri.

Mwalimu Mkuu alilisikia swali, akawatafsiria wasusi kwa mikono, ila hakujibu kwa mdomo. Alichota udongo usiokuwepo, akausogeza puani, akafumba macho. Mama Ovaloki akafanya vile vile. Kisha ukumbi wote ukachota, ukanusa, ukafumba macho.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Afisa.

Fundi Vikapu alimletea Mama Mboji karatasi: *Jina halitolewi haraka. Wewe ulitutazama wiki mbili. Na sisi tulikuwa tunakutazama.*

"Fomu yangu inataka jina la maandishi," alisema Afisa, ambaye hata hivyo alikuwa ameshafunga faili lake.

Fundi Vikapu alichukua kalamu na fomu. Kwenye nafasi ya mwenyekiti alichora kiganja kimejaa udongo, vizuri kabisa, hata mistari ya kiganja ilionekana. Afisa akagonga muhuri.

Mama Mboji alitoka nje, akampigia wifi yake simu kumwambia chumba ampe mtu mwingine. Kisha akaenda kwenye lundo, akachota mboji kwa mkono, akainusa, akafumba macho, akalia pale pale.