Kidonge cha Wafula na Mrija wa Matanga

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ya Kawangware, nilishona vidonda mpaka jioni, vingi vya watu walioangushwa na pombe. Tuliwashona, wakarudi kunywa. Katika miaka hiyo ya tisini nikahamishiwa Kibera, na huko ndiko nilikojua kwamba hata ulevi una dawa.

Matroni wetu, mama mkali lakini wa haki, alinifundisha kutumia disulfiram. Kidonge hicho hakiondoi hamu. Ukikimeza kisha unywe, moyo unaenda mbio, kichwa kinagonga, unatapika hadi ujute. Kwa hiyo mtu alikianza akiwa hajalewa, tena kwa hiari yake.

Basi akaja Nekesa wa Kambi Muru, hapo hapo Kibera. Mumewe Wafula, seremala, alitetemeka mikono hata kupiga msumari hawezi, na Nekesa alikuwa tayari kurudi kwao na watoto.

"Daktari, nipatie nimsagie kwa uji. Hatajua."

Matroni akadakia, "Wee! Unataka kuwa mjane? Akinywa bila kujua, moyo unaweza kusimama. Mlete mwenyewe."

Wafula alikuja amenuna. Akaelezwa yote, akakubali. Alipokaa siku kadhaa bila pombe, akaanza kidonge. Kila asubuhi alimeza mbele ya Nekesa, kisha akafungua mdomo akaguliwe. Walichekana sana, wale wawili.

Halafu shemeji wa Wafula akafariki huko Kawangware, mtaa wa Kongo. Kwenye matanga ya kwao, wazee huzunguka chungu kimoja cha busaa, pombe ya nafaka, kila mtu na mrija wake mrefu. Ukiukataa, umemdharau marehemu, tena watasema wewe ndiye uliyemroga. Nekesa alikuja akilia, na mimi nilishikwa na hofu kweli.

Jumatatu Wafula akaingia, mzima kabisa.

"Uliukataa mrija?"

"Nikatae niitwe mchawi? Niliushika, daktari. Wao wakivuta, mimi napuliza. Mzee mmoja akaona mapovu akasema, 'Aki huyu ana kiu!'"

Nilicheka mpaka Matroni akachungulia mlangoni.

Sasa nimestaafu, na moyo wangu umetulia. Ninyi mnaoanza kazi hii, mpeni mgonjwa dawa, lakini mpeni na muda. Wafula aliacha vidonge pole pole, Matroni akimwangalia. Juzi nimekutana naye na Nekesa pale Sarang'ombe, nikamuuliza kama bado anapuliza.

"Hapana, daktari. Siku hizi nawaambia tu sinywi, wananiletea chai."

Alisema hivyo kwa sauti, katikati ya watu, na Nekesa, yule aliyemkagua mdomo kila asubuhi, hakugeuka hata kumwangalia.