Meli ya Ijumaa

Watu hudhani ukipewa safari ya meli bure, kazi iliyobaki ni kufunga mzigo tu. Fundi wa mapazia naye alidhani hivyo, mpaka siku mwanawe, mpishi kwenye meli ya watalii, alipompigia simu.

"Mama, kampuni imenipa nafasi ya wazazi wawili. Chagueni safari, mie nitaandikisha. Ila msikawie, vyumba vinaisha."

Safari zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitoka bandari ya pale pale mjini Ijumaa jioni, ikazunguka visiwa vya karibu na kurudi Jumatatu alfajiri. Ya pili ilikuwa ya siku tano, na katikati ilitia nanga kwenye mji wenye hospitali kubwa. Ya tatu ilikuwa ya siku saba. Hiyo ilianzia bandari ya mbali, nusu siku kwa basi, na sehemu kubwa ya njia ni maji matupu, hakuna kushuka.

Mwingine angeuliza habari za chakula na muziki. Yeye aliuliza habari za mashine. Mumewe, kinyozi, figo zilikuwa zimemgomea, huu mwaka wa pili. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, akatoka amenyauka kama nguo iliyokamuliwa. Nafasi ndefu kati ya sindano na sindano ilikuwa ile ya Ijumaa mpaka Jumatatu. Hospitali ya safari ya pili ilijibu kwamba mashine zake hazina nafasi ya mgeni. Basi ikabaki ile ya kwanza, hakuna mjadala.

Akaipeleka habari saluni. Kinyozi alikuwa kwenye kiti cha wateja, maana kusimama kulishamshinda, anamumunya kipande cha barafu. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe cha kahawa.

"Baba, tumepata! Ijumaa ukitoka hospitali, moja kwa moja bandarini."

"Nataka ile ya siku saba."

Mkewe akacheka. "Wewe! Maji ya kikombe unakatazwa, unataka bahari nzima?"

"Kwani nimesema nitainywa? Nitaitazama."

"Na mashine?"

"Ipumzike. Nayo imenichoka."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Alimtazama kupitia kioo kikubwa, akaona hatanii. Daktari alikuwa amewaeleza waziwazi, wote wawili: ukiruka mara mbili, maji yanapanda kwenye mapafu. Mtu aliyeambiwa hivyo hachagui siku saba kwa kukosea hesabu.

Akaufunga mlango wa saluni.

"Unataka nikupeleke ukafe?"

"Nataka kufia penye upepo, mama. Si pale, natazama dari huku jirani anakoroma."

"Na mimi nirudi na masanduku mawili?"

Kinyozi akaugusa mkasi wake mezani. "Miaka yote hii sijampangia mteja nimkate kiasi gani. Namuuliza. Kichwa ni chake."

"Kichwa ni chako, sawa. Lakini mto ni wetu wawili."

Akainamisha macho. "Basi chagua wewe. Mimi nimeshasema."

Siku ile mkewe alishona pindo la pazia nje ndani, akafumua, akalishona tena vile vile. Mwisho akaiacha cherehani, akampigia mwanawe.

"Baba anasemaje?" kijana akauliza.

"Baba anasema... ya siku tatu."

"Mbona fupi hivyo? Ile ndefu ndiyo tamu!"

"Inatutosha, mwanangu."

Wakaenda. Jamani, msidhani kinyozi alinuna. Alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akala chakula kisicho na chumvi alichopikiwa na mwanawe, akakisifu. Kutwa alikaa sitahani, upepo unampeperushia shati. Siku ya pili, visiwa vilipopotea machoni, akaushika mkono wa mkewe.

"Nchi kavu iko upande gani?"

"Huko nyuma yetu."

"Usinionyeshe."

Jumatatu alfajiri taa za bandari zikatokea. Kinyozi alikuwa bado kwenye kiti chake, miguu imevimba, na alipoambiwa wamefika hakujitikisa. Mwanawe na baharia mmoja wakamteremsha na kiti chake. Kijana alidhani baba kachoka tu. Akambusu mkono, akakimbilia jikoni.

Hospitalini muuguzi aliwapokea kwa bashasha. "Ehe, mzee! Safari ilikuwaje?"

"Fupi," akasema kinyozi.

Muuguzi akacheka, akamwambia watakwenda tena. Kinyozi akanyoosha mkono wa sindano bila kuombwa, akageuza uso ukutani, akafumba macho. Mkewe alisimama ameshika viatu vya mumewe, ambavyo havikuwa vikimwingia tena. Kisha akaviweka chini, akajipenyeza kati ya kitanda na ukuta, mahali pasipotosha hata kiti, akachuchumaa pale, ili mumewe akifumbua macho amkute.