Oili Haimwagwi Mpaka Niseme

Siku gari langu lilipoingia kwenye ploti yetu hapa mtaani Tena, viti vikiwa bado vimevikwa nailoni, neno la kwanza nililoambiwa halikuwa hongera. Niliambiwa nikamwage oili.

Aliyesema ni kaka yangu mkubwa, na hata hakungoja nizime injini. Aliegemea dirisha, akachungulia dashibodi, akasema, "Kesho asubuhi tunaipeleka gereji. Hiyo oili yote chini."

"Kwa nini?"

"Ala! Si gari ni mpya?"

"Ndiyo nauliza. Kama ni mpya, oili yake imekosa nini?"

Alicheka, na majirani wawili waliokuwa wamesimama kando wakitazama mpira kwenye simu wakacheka naye. Ni kile kicheko cha wanaume ambacho mwanamke akikisikia anajua ameshapigiwa kura na ameshashindwa. Nikapandisha vioo, nikafunga gari, nikaingia nyumbani kupika.

Mtu asiyeishi huku Eastlands anaweza kudhani kaka yangu ana wazimu. Hana. Huku kwetu karibu kila gari unaloliona lilitumiwa kwanza na mtu huko Japani, likapakiwa melini, likashushwa Mombasa. Hujui yule mtu alilitunza vipi. Hujui lilikaa bandarini kwa muda gani, wala ndani ya injini kumebaki nini. Kwa hivyo kanuni ni moja, na watu wanaishika kuliko amri kumi za Mungu: gari likitoka Mombasa, usiende nalo popote kabla hujamwaga oili ya zamani, ukabadilisha filta, ukaanza upya. Ni kanuni nzuri na imeokoa injini nyingi. Ila gari langu halikuwa mtumba. Nililitoa kwa kampuni, halijawahi kukaliwa na mtu, na ndani ya kijisanduku chake kulikuwa na kitabu cha maelezo, nami nilikisoma.

Nilikisoma chote. Mimi nauza sare za shule Eastleigh, na katika biashara hiyo asiyesoma maandishi madogo kwenye lebo huuziwa kitambaa kinachochuja rangi kwa kufuliwa mara moja. Kitabu kilisema oili ya kwanza ikae mpaka kilomita elfu tano au miezi sita, kitakachotangulia. Kabla ya hapo gari linakaguliwa tu, halimwagwi kitu. Na kazi hiyo ifanywe na wao wenyewe walioniuzia, la sivyo waranti imekufa. Niliwapigia simu nihakikishe. Mama mmoja akanijibu kwa upole, "Mtu mwingine akiifungua hiyo injini, halafu iharibike, hapo tusijuane."

Nilimwelewa vizuri sana. Waranti ndiyo iliyonifanya nivumilie miaka yote ile kupandisha marobota ya sare kwenye magari ya watu ili nipate langu jipya. Injini ikifa na waranti imekufa, nimerudi kuomba lifti.

Na kuna jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu siku ile kwa sababu nilidhani kaka yangu anajua bila kuambiwa. Marehemu mume wangu aliacha pikapu. Hata matanga hayajaanuliwa, mashemeji walinijia kwa heshima zote wakasema, "Mama, gari imekaa sana, wacha tukupelekee service." Nikawapa funguo, na chai juu yake. Kila nilipouliza, pikapu ilikuwa kwa fundi. Inangoja spea. Spea imekuja, sasa inangoja fundi. Siku moja nikaiona sokoni Muthurwa imejaa vitunguu, jina la biashara yetu limekwanguliwa mlangoni, na aliyeshika usukani simjui wala hanijui. Nililia pale pale, mchana kweupe, katikati ya watu wanaonunua nyanya. Tangu siku hiyo mwanamume akiniambia "wacha tukupelekee", nywele zinanisimama.

Sasa basi, ploti nzima ikawa na kazi moja tu, oili yangu. Hata salamu zilikatika. Vijana wa pale langoni, waliozoea kuniambia "sasa, mathe" kama kwa kila mama, wakawa wananiuliza, "Mathe, umemwaga?"

"Nimemwaga maji ya vyombo," nikawajibu siku moja. "Sogeeni msirukiwe."

Kaka yangu ndiye aliyenichosha zaidi. Kila Jumapili anapokuja kunywa chai hapa kwangu, kikombe cha kwanza ni habari za watoto, cha pili ni oili. Ameendesha malori maisha yake yote, mpaka Malaba na kupita huko, na aliwahi kuachwa porini na injini iliyokwama kwa sababu tajiri alikataa kubadilisha oili kwa wakati. Lawama akatupiwa yeye dereva. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nilimwelewa. "Injini mpya inajisaga," aliniambia, akisugua viganja vyake pamoja. "Vile vichuma vinaogelea humo ndani. Utaniambia."

Huenda ni kweli. Mafundi wengine watakwambia kumwaga mapema hakuui gari, na mimi sikuwa na ugomvi na vichuma. Nilichouliza kila Jumapili, nikiwa na birika mkononi, ni kwamba injini hii ikifunguliwa ovyo na waranti ikapotea, ni nani atakayenibebea marobota kutoka Eastleigh? Kaka yangu alisogeza kikombe nimwongeze chai.

Basi Jumamosi moja nikatoka kuanika nguo, nikakuta pale gari linapokaa pako wazi.

Ploti yetu ni nyembamba. Magari yanalala yamefuatana, la nyuma haliwezi kutoka kabla ya la mbele, kwa hivyo sote huacha funguo kwa mlinzi ili ayasogeze asubuhi. Ndiyo desturi yetu na haijawahi kutuletea taabu. Nilimkimbilia mlinzi na shati lililolowa likinidondokea maji mkononi.

"Mzee wenu amelichukua," akasema. "Amesema analipeleka service."

Nilijua ni kaka yangu, nilijua haendi kuliuza, lakini mwili haukujua. Mwili ulikuwa Muthurwa unatazama vitunguu. Nilitupa lile shati kwenye ua, nikasimamisha bodaboda nikiwa na leso kiunoni na malapa miguuni, nikamwambia anipeleke kwa fundi rafiki ya kaka yangu, kule upande wa Umoja, na akimbie.

Nililikuta limeinuliwa kwa jeki, boneti wazi, beseni la kukingia oili liko chini tayari. Fundi alikuwa ameshaingia uvunguni na spana, miguu tu ndiyo iliyobaki nje. Kaka yangu amesimama kando ameshika kopo la oili mpya kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi.

Sikumsalimia mtu. Nilifungua mlango, nikaketi kwenye kiti changu cha nailoni, nikafunga mkanda.

"Nani huyo ameingia?" fundi akapiga kelele kutoka chini. "Mtaniua!"

"Toka basi!" nikamwambia. "Umeshafungua?"

"Bado!"

"Kama bado, toka, uzeeke na watoto wako."

Akatoka mbio. Kaka yangu akasogea dirishani, akashusha sauti. "Shuka."

"Ng'o!"

"Unaniaibisha mbele ya watu."

"Heri lawama kuliko fedheha. Shusheni gari yangu."

"Kwani mimi nakuibia? Oili nimeinunua mwenyewe. Nakusaidia, wewe msichana!" Nina wajukuu, lakini kaka yangu akikasirika mimi bado ni msichana.

"Hata wale walikuwa wananisaidia," nikasema.

Niliona neno likimwingia. Aliliweka kopo chini polepole, uso umembadilika, na aliponiuliza sauti ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

"Unanilinganisha na wale?"

"Wewe ndiye uliyejilinganisha, ulipomwambia mlinzi unalipeleka service bila kuniuliza mimi. Maneno yao yale yale, Kaka. Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa ndiyo! Na ingekuwa mwisho, kwa sababu ni langu!"

Nilipiga usukani kwa kiganja, na honi ikalia bila mimi kutaka, gereji nzima ikageuka kututazama. Fundi alijifuta mikono kwenye kitambaa, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mzee," akamwambia kaka yangu, "hii ni kesi ya nyumbani. Mimi nashusha jeki."

Akaishusha. Nikafunga boneti mwenyewe, nikawasha gari, nikatoka kinyumenyume mpaka barabarani. Kaka yangu sikumwambia apande. Najua watu watasema ningemvuta kando nikamweleza taratibu, mtu mzima yule. Nilimvuta kando Jumapili ngapi? Nilimweleza mpaka chai ikapoa. Sijuti hata kidogo, na nikikutwa na jambo kama lile kesho nitafunga mkanda tena.

Lakini iliniuma. Jumapili ile hakuja, wala iliyofuata. Nilikuwa nikipika chai ya watu wawili kwa mazoea, halafu naimwaga nusu, nikijilaani na kumlaani yeye. Mashemeji waliponyang'anya pikapu, ni kaka yangu huyu huyu aliyewafuata mpaka kwao akarudi na shati limechanwa. Nilijua hilo hata nilipokuwa nikimtupia lile neno. Nililitupa hata hivyo, kwa sababu mtu anayekupenda akishika funguo zako bila ruhusa, bado zimeshikwa.

Mlinzi naye nilimwambia kuanzia leo funguo zangu zinatoka mkononi mwake kuja mkononi mwangu tu, hata aje askofu.

Miezi sita ikafika. Kilomita zilikuwa hazijakaribia elfu tano, na zitafikaje? Kutoka Tena mpaka Eastleigh si safari, ni kukaa. Injini inanguruma, gari limesimama, vumbi linaingia, na mita haisogei hata kidogo. Ndiyo maana kitabu kikataja na miezi. Waliokiandika walijua kuna watu wanaoishi kwenye foleni.

Nilipowaambia wale majirani kwamba wiki hiyo napeleka gari kubadilishwa oili, walishika vichwa.

"Sasa hivi? Mita bado iko chini! Oili bado mbichi hiyo, mathe, unamwaga kitu kizuri!"

"Wee!" nikasema. "Si ninyi mlitaka nimwage siku ya kwanza, nailoni haijatoka? Leo mnataka nikae nayo mpaka mwaka ujao?"

"Ile ilikuwa tofauti."

"Tofauti ilikuwa nini?"

Wakatazama simu zao. Hapo ndipo nilipojua kwamba hawakuwa na habari na oili tangu mwanzo. Ningesema mapema wangesema baadaye, ningesema baadaye wangesema mapema, alimradi isiwe vile nilivyosema mimi.

Asubuhi ya kwenda nilimkuta kaka yangu ameketi kwenye jiwe nje ya lango letu. Amepiga shati pasi, amevaa lile koti lake la udereva. Sijui nani alimwambia. Hakuomba msamaha, na mimi sikuomba.

"Nasikia leo ndiyo leo," akasema.

"Ndiyo."

"Kuna nafasi?"

"Gari nzima ni tupu, unaona kuna watu?"

Akainuka, na kwa mazoea ya maisha yake yote akaelekea upande wa usukani. Alifika mpaka mlangoni, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa. Akasimama. Kisha akazunguka mbele ya gari, akapanda upande wa pili, akafunga mkanda bila kuambiwa. Tuliongea habari za watoto njia nzima.

Kule kwenye kampuni alitupokea kijana mwenye ovaroli safi. Funguo zilikuwa mkononi mwangu. Nimeshuka upande wa usukani, nimesimama mbele yake na kitabu cha gari kwapani, lakini macho yake yalinipita juu ya bega kama sipo, yakatua kwa kaka yangu.

"Karibu, mzee. Naona ni service ya kwanza. Tumwage oili, ama tuangalie tu, kwa sababu kilomita bado?"

Nilivuta pumzi nimrarue. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake. Na nilimtazama kaka yangu pia, kwa sababu hapo alikuwa ameulizwa swali alilongoja kuulizwa kwa miezi sita, na mtu mwenye ovaroli, mbele yangu. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kusuguana.

Akaviingiza mfukoni.

"Mimi hapa ni abiria, kijana," akasema, mtu ambaye sijawahi kumwona akiitwa abiria tangu tuwe watoto. "Gari ni yake. Muulize yeye, na umuulize vizuri."

Yale maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakaniponyoka. Kijana akanigeukia, akaniita mama, akauliza tena kuanzia mwanzo. Nikamwambia amwage.